Nani wa Ukingoni?

Mama mkwe wangu amegombana mara nyingi zaidi kwenye foleni za mkate kuliko walevi wote wa mtaa wetu wakiwekwa pamoja, na ugomvi wenyewe ulitokana na neno moja tu. Kwetu mtu akifika dukani akakuta foleni, huuliza, "Nani wa mwisho?" Mwenyewe hujibu, "Mimi hapa," aliyeuliza akasimama nyuma yake, na mambo yakaishia hapo. Kapitolina Yegorovna hakuuliza hivyo hata siku moja. Yeye aliingia, akajinyoosha mgongo, akapaza sauti mpaka mwenye duka akaisikia kutoka stoo:

"Nani wa ukingoni?"

Watu wakageuka. "Wa wapi, bibi?"

"Wa ukingoni!"

"Ukingo uko mtoni, bibi. Hapa watu wananunua mkate."

"Nyuma yako kuna mtu?"

"Hakuna."

"Basi wa ukingoni ni wewe. Usitafute maneno."

Hakuwa mtu wa vioja. Alikuwa rubani, na rubani wa nchi yetu hatamki neno "mwisho". Hasemi ameruka mara ya mwisho, hasemi siku ya mwisho ya kazi, hata mezani hamimini glasi ya mwisho. Husema ya ukingoni. Mtu akifika ukingoni anaweza kugeuka akarudi, lakini mwishoni hakuna marejeo. Lisemwalo lipo, kama halipo laja, na wao hawataki lije. Sisi wa nchi kavu tunawacheka, lakini sisi chini yetu kuna ardhi.

Sasa sikia mkosi wangu. Binti yake, mke wangu Rimma, alikuwa mwalimu wa lugha shuleni tangu usichana wake mpaka alipostaafu. Nusu ya watu wa mji huu wa Krutoyar amewasahihishia insha kwa wino mwekundu, na nusu iliyobaki ni wazazi wao. Nyumbani kwake ukikosea neno ni kama umeingia na viatu vya matope. Nami Arkadi, au Arkasha kwa mama mkwe, dereva wa basi la umeme, nimeishi katikati ya wanawake hawa wawili katika vyumba viwili na jiko. Wanasema fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Nyasi ni mimi.

"Mama," Rimma alikuwa akisema huku akikata mkate mweusi, "mto una ukingo. Kisima kina ukingo. Foleni ina mwisho. Mtu akikusikia atadhani sikusomeshwa."

"Ulisomeshwa. Nani alilipa?"

"Si hilo ninalosema. Nasema hilo si neno lake."

"Ni neno langu," mama alijibu. "Nipe chumvi."

Mambo yakazidi kunichachia kazini. Kituo cha nje kabisa cha njia yangu ni geti la kiwanda cha matofali, na sheria yetu madereva ilikuwa kutangaza, "Kituo cha mwisho, abiria wote wanashuka." Kila mama mkwe alipokuwa ndani, nikitangaza tu, sauti ilitoka viti vya nyuma: "Cha ukingoni!" Abiria wakavunjika mbavu. Nikimwambia, "Mama, utanifukuzisha kazi," hunijibu, "Wewe unaendesha chombo chenye kamba juu ya paa, Arkasha. Hata ukitaka kupotea huwezi. Sema utakavyo." Tangu hapo nilitangaza jina la geti tu, nikanyamaza.

Lakini msinione namcheka. Namcheka, ndiyo, ila najivunia kuwa mkwe wake, na nataka ijulikane hivyo kabla sijaendelea.

Kapitolina Yegorovna alianza katika kiwanda cha nyuzi. Jioni alikwenda klabu ya ndege, akababuka uso kwa jua na kuharibu viatu, na alipofikisha umri wa kuolewa alikuwa anajua kurusha ndege bali hajui kupika supu ya kabichi. Supu hiyo haijui mpaka leo, nami ni shahidi. Vita vilipoanza akajiandikisha katika kikosi cha marubani wanawake. Wakapewa nguo za wanaume, mpaka zile za ndani, na buti ambazo mtu aliweza kugeuka ndani yake buti zenyewe zisigeuke. Wakajaza magazeti kwenye ncha, wakapanda ndege za kivita, wakaambiwa: lile daraja la reli juu ya Volga ni lenu. Likianguka, jeshi lililo kusini halina risasi wala mkate.

Ndege za kivita ziliruka mbili mbili. Wa kwanza hushambulia, na wa pili hukaa nyuma yake kidogo, pembeni, kumlinda mgongo. Kazi ya wa pili ni kuangalia nyuma, mchana kutwa, mpaka shingo ichubuke kwenye ukosi. Kapitolina alikuwa wa pili. Wa kwanza wake alikuwa Agnia Rudakova, msichana mrefu wa milimani Urali, mwenye kicheko ambacho mafundi walikisikia kabla injini haijazimwa. Redio zao zilikuwa zikikoroma tu, hazisemi. Kwa hiyo Agnia alipotaka kuanza jambo alitikisa mabawa, kulia, kushoto. Maana yake: nifuate. Na Kapitolina alifuata.

Kuna siku ambayo mama aliisimulia kila mwaka, na kila mwaka niliisikiliza upya. Ndege za mabomu zilikuja alfajiri kufuata mto, nyingi, nzito, zikielekea darajani. Wasichana walikuwa wawili tu angani. Agnia akatikisa mabawa, akaingia katikati yao moja kwa moja, kana kwamba nyuma yake linamfuata jeshi zima. "Nami nikamfuata," mama alisema. "Nilikuwa nalia kwa hofu, Arkasha, machozi yanaganda kwenye miwani, lakini nafuata." Agnia akaichoma moja. Nyingine iliyomjia Agnia kwa nyuma, mama akaigeuzia risasi mpaka ikakimbia inatoa moshi. Zilizobaki zikaachia mabomu kwenye maji na matete, zikarudi zilikotoka. Daraja likabaki limesimama. Mpaka leo basi langu linapopita mkabala nalo, huvua kofia, na abiria wanaonifahamu hawaniulizi.

Agnia hakurudi mwezi Machi uliofuata. Walitenganishwa katika mawingu, na mama alipotoka upande wa pili aliona moshi ukishuka ng'ambo ya mto, kwenye matete mapana, barafu ikiwa imeshaanza kulegea. Walitafuta. Matete yale yana tope la kumeza ng'ombe. Hawakupata hata ubao wa bawa.

Vita vikaisha, wanaume wakarudi, marubani wakawa wengi kuliko ndege. Wanawake wakaambiwa asanteni. Mama akaingia kiwanda cha vifungo, akaolewa, akamzaa Rimma, akafiwa na mume, akazeeka. Hakuruka tena. Hakulalamika pia. Ila ndege ikipita juu ya nyumba, hata wakati wa kula, huweka kijiko chini na kusikiliza mpaka iishe, kisha husema injini hiyo inaumwa nini.

Basi masika ya mwaka elfu mbili na tatu, mama akiwa ameshavuka miaka themanini, mlango ukagongwa. Alikuwa Damir Safin, mwalimu wa klabu ya ndege ya mji wetu, kijana wa Kitatari mwenye mabega mapana na adabu nyingi. Alivua viatu mlangoni, akakataa chai, akakubali chai, kisha akasema Siku ya Ushindi, ukumbusho wa vita kuisha, inakuja na klabu inamwalika Kapitolina Yegorovna kupanda ndege ya mafunzo, ile ya viti viwili.

Mama aliweka kikombe chini. "Nitaketi mbele au nyuma?"

"Mbele, Kapitolina Yegorovna. Mahali pa rubani."

"Na usukani? Nitaushika kwa mikono, au nitaushika kwa macho?"

"Tukishapanda juu, ni wako."

"Mama haendi," akasema Rimma.

Damir akatazama sahani ya jamu. Mimi nikatazama dirisha.

"Moyo wake unajulikana," Rimma aliendelea. "Jicho la kushoto limekufa na la kulia linafuata. Mama, kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake."

"Ndiyo maana kunguru hajawahi kuangusha ndege hata moja," mama akasema. "Rimma, mwanangu, nisikilize. Daktari kasema moyo unaruhusu nisipopinduka kichwa chini. Na jicho kasema litafika vuli. Baridi ikiingia, sitaona tena. Mwakani nikialikwa nitaendesha ndege kwa kunusa. Ni sasa au si tena."

"Kwa nini lazima? Umesharuka. Una nishani kifua kizima."

"Nishani nimezipokea nikiwa chini."

Walibishana wiki nzima. Rimma hakuwa mtu mbaya, msimkosee. Baba yake alimzika, ndugu hana, na mama huyo mwenye ulimi wa pilipili ndiye mzee pekee aliyebaki kwake. Alikuwa anaogopa, na woga wa mwalimu hutoka na sauti ya kufoka. Mwishowe alisema hatatia mkono wala hatatia mguu: yeye hajakubali, hajakataza, atakuja uwanjani na dawa za moyo kwenye mkoba. Ng'ombe hazeeki maini, nikamwambia. Akaniambia ninyamaze.

Siku ilipofika tulikaa kwanza kimya sebuleni, kila mtu kiti chake, kama ilivyo desturi yetu kabla ya safari. Mama alivaa koti lake lenye nishani, akavaa juu yake koti la ngozi la Damir lililomfika magotini. Alipaka nywele maji, akazichana nyuma. Nilimtazama nikaona msichana wa kiwanda cha nyuzi.

Uwanja wa klabu uko nyuma ya mashamba ya alizeti, na nyasi zake fupi zilikuwa zimejaa maua ya manjano. Watu walikuwa wengi: bendi ya zimamoto, watoto wa shule na maua mikononi, wapiga picha wa televisheni ya mkoa. Ndege ilisimama katikati imepigwa maji inang'aa, na fundi wake ameegemea bawa. Na nyuma ya ndege, juu ya nguzo mbili, lilikuwa bango jeupe ambalo hatukuwa tumeambiwa habari zake. Kazi hiyo ilikuwa ya Eleonora Viktorovna wa ofisi ya utamaduni, mwanamke mwenye kofia kubwa na moyo mkubwa zaidi, aliyekuwa hajawahi kukaa na marubani hata mara moja. Herufi zilikuwa za buluu, kila moja kubwa kama kiganja changu:

SAFARI YA MWISHO YA SHUJAA WETU ANGANI

Bendi ikaanza kupiga. Mama alikuwa anatembea mbele yetu, hatua za askari. Akafika karibu na ndege, akainua kichwa, akalifunga lile jicho lililokufa ili la pili lisome vizuri. Akasoma. Akageuka nyuma akarudi alikotoka.

"Arkasha," akasema, "nirudishe nyumbani."

"Mama, kuna nini?"

"Wewe pia hujui kusoma?"

Nikasoma. Nikaliona lile neno. Bendi ilipiga kidogo bila mpango, halafu tarumbeta moja moja zikaacha. Eleonora Viktorovna akaja mbio, kofia mkononi.

"Kapitolina Yegorovna! Kuna nini, mama yangu? Tunakungoja! Ni heshima yako hii!"

"Wewe mwanamke umenizika kabla sijala chakula cha mchana."

"Nimekuzika? Mimi? Hiyo ni lugha ya sanaa tu!"

"Safari ya mwisho husindikizwa mtu aliyelala ndani ya sanduku. Mimi nimekuja kwa miguu."

Damir alitoka kwenye banda la ndege akiwa anafunga kamba za kofia ya urubani, anatabasamu. Akaliona bango. Tabasamu likamtoka, akaanza kuzifungua zile kamba pole pole. Fundi alikuwa ameshatema mate mara tatu juu ya bega la kushoto, kufukuza mkosi, na kuondoka kwenye bawa.

"Damir," Eleonora akamwita, "wewe ni msomi. Mwambie."

"Mimi siwashi injini," akasema Damir.

"Mnaogopa kitambaa? Watu wazima?"

"Kitambaa sikiogopi. Nasema tu kwamba siruki."

"Kishusheni basi!" nikapendekeza mimi.

Ikabainika hakishuki. Bango lilikuwa limefungwa na watu wa zimamoto kwa waya, kutoka kwenye ngazi ya gari lao, na gari lilikuwa limeshaondoka kwenda kuzima moto wa nyasi kijiji cha pili. Walituachia bendi. Zaidi ya hayo televisheni imeshalipiga picha, na mkubwa fulani kutoka mkoani yuko njiani. Bila bango, akasema Eleonora, hakuna sherehe. Na bila sherehe, klabu haikupewa ruhusa ya kuruka siku hiyo. Na machozi yalikuwa yameanza kumlenga, maskini, kwa maana yeye alikusudia mema.

Nilimtazama Rimma. Alikuwa amesimama na mkoba wake wa dawa. Nikaelewa mara moja. Hakuhitaji kufanya kitu. Mama yake amekataa mwenyewe, rubani amekataa, na ndege iko chini. Lile alilolililia wiki nzima limekuja bure mlangoni. Zaidi ya hapo, bango lile halikuwa na kosa hata moja la lugha. Kila herufi ilikuwa mahali pake.

Rimma akamwendea mama yake, akamfunga kifungo cha koti la ngozi kilichokuwa wazi.

"Mama. Ni neno tu."

"Najua ni neno."

"Agnia wako alilisema? Siku ile, kabla ya kuruka, alisema neno hili? Ndiyo sababu?"

Katika miaka yote hiyo, hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Mama alitazama majani ya uwanjani.

"Hakulisema. Agnia alikuwa mwangalifu kuliko sisi wote. Asubuhi ile alisema, tukirudi tutaoga, maji ya moto yamepatikana. Basi."

"Kwa hiyo neno halikumlinda."

"Halikumlinda," mama akakubali. "Mimi si mjinga, Rimma, najua risasi haisikii maneno. Lakini fikiri. Hakuna aliyesema anaruka mara ya mwisho. Si yeye, si mimi, si fundi wake. Ile ilikuwa ya ukingoni. Hakuna mtu aliyeifunga. Hajarudi tu, ndivyo ninavyojua mimi. Na mimi ndiye wa pili wake, nikipanda pale chini ya lile bango, nitakuwa nimemfungia mlango kwa mkono wangu."

Sikuweza kumtazama mtu yeyote. Nililia, nasema wazi, na fundi aliyekuwa karibu alijifanya anapiga chafya.

Rimma akafungua mkoba wa dawa, akatoa rangi yake nyekundu ya mdomo, akanipa mkoba nishike.

"Fundi," akasema kwa sauti ile ya darasani, "lete kigoda chako."

Fundi akaleta bila kuuliza. Rimma akapanda, mimi nikamshika miguu, na mke wangu si mwepesi, lakini siku ile sikulalamika. Upande wa chini bango lilining'inia karibu, akalifikia neno MWISHO. Alilipiga mstari mmoja ulionyooka, kama alivyopiga katika insha za mji mzima. Akaweka juu yake kile kialama cha kusahihisha, kama jino. Kisha akaandika kwa rangi ya mdomo, herufi kubwa, zimelala kidogo upande: UKINGONI.

"Rimma Pavlovna!" Eleonora akapiga kelele. "Lakini hilo ni kosa! Wewe mwenyewe ulinifundisha! Darasa la saba! Ulinipunguzia alama kwa neno hilo hilo!"

Rimma aligeuka juu ya kigoda. "Nilikufundisha vibaya, Ela. Keti."

Na Eleonora Viktorovna, mkubwa wa utamaduni wa mji mzima, akatazama nyuma yake kutafuta dawati.

Kicheko kilianzia kwa fundi, kikaenda kwa bendi, kikafika kwa watoto. Damir alikuwa ameshafunga kamba zake tena. Mama hakucheka. Alilitazama bango kwa jicho lake moja, akalisoma lote tangu mwanzo, kisha akamtazama binti yake akishuka. Hakusema asante, hakuwa mtu wa hayo. Alisema:

"Mwandiko wako umeharibika."

"Ni kigoda, mama."

"Haya." Akapanda bawa. Damir akanyoosha mkono kumsaidia, mama akaupiga kofi mkono huo.

Ndege ilikwenda ikiruka ruka juu ya majani, ikanyanyuka, ikawa ndogo. Rimma alinishika mkono mpaka pete yangu ikaniuma. Tuliiona ikizunguka juu ya mji, ikashuka kidogo kufuata mto, ikapita juu ya daraja. Hapo ilibadilika. Sijui kuruka, lakini nimeshika usukani maisha yangu yote, nami najua dereva akibadilishana na dereva. Ndege iliacha kwenda kama imebeba abiria. Ikajilaza ubavu, ikavuka Volga, ikaelekea kwenye matete.

Huko, juu ya matete, ikatikisa mabawa. Kulia, kushoto.

Yaliyosemwa ndani tuliyajua jioni, mezani, baada ya glasi ya tatu, ile tunayoinywa tumesimama kwa ajili ya wasiorudi. Damir alituambia kwamba alimuuliza katika redio, "Kapitolina Yegorovna, unampungia nani?"

Naye akajibu: "Siku zote alitikisa yeye, nikafuata mimi. Leo natangulia."

Damir, kijana wa watu, alisema alitaka kugeuza shingo atazame nyuma, hakujua hata anatafuta nini. Mama akamwona kwenye kioo kidogo.

"Wewe tazama mbele, kijana. Kuangalia nyuma ni kazi ya wa pili. Tunaye."

Kutua alitua mwenyewe. Damir anaapa kwamba mikono yake ilikuwa magotini, na Mtatari haapi ovyo. Magurudumu yaligusa, yakaruka, yakagusa tena. Mama aliposhuka alisema uwanja wetu una mashimo. Mwandishi wa televisheni akamkimbilia na kipaza sauti: "Kapitolina Yegorovna, unajisikiaje baada ya hii safari yako ya..." Akalitazama bango, akakwama. Uwanja mzima ukamtolea macho. "...ya ukingoni?"

"Nasikia njaa," mama akasema.

Nimeendesha basi la umeme maisha yangu yote, sijapata cheo wala nishani, lakini siku ile nilimrudisha nyumbani shujaa wa daraja la Volga katika gari la kuazima, amelala, mdomo wazi, kichwa kwenye bega la binti yake. Nilikuwa nimejaa fahari mpaka nikapita taa nyekundu.

Vuli ilikuja na daktari hakukosea. Jicho la kulia likaanza kuingia ukungu. Mama sasa huenda dukani akiwa ameshika mkono wa Rimma, nami nyuma na kikapu. Jumamosi moja ya Oktoba tulikuta foleni mpaka mlangoni, maana mkate ulichelewa. Mama alinyamaza. Nadhani hakuona kama ni watu au ni rafu.

Nikamsikia Rimma akivuta pumzi. Alinyoosha mgongo.

"Nani wa ukingoni?"

Watu wakageuka, na kati yao wengi walikuwa wamepita darasani kwake. Mwanamume mmoja mwenye mvi alifungua mdomo, akaufunga, akainua mkono kama shuleni.

"Mimi, Rimma Pavlovna."

Tukanunua mkate. Wakati wa kutoka, mlangoni, mama aliachia mkono wa binti yake. Njia hiyo anaijua hata gizani. Akainua mabega yake membamba, akayatikisa, kulia, kushoto, akatangulia nje. Rimma akamfuata, hatua moja nyuma, pembeni kidogo. Nami nikatoka na kikapu, wa ukingoni.